Vasiti Raikuna Wawili

Maiti ilikuwa chini kabisa ya ngazi za mawe za Mlima wa Misheni, miguu ikiwa bado juu ya ngazi ya mwisho. Mzee Taniela, mtunza kanisa, ndiye aliyeiona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa anashuka kwenda kuwafungulia wanakwaya. Hakupiga kelele. Alivua shati lake akaufunika uso wa yule mwanamke, kisha akaenda kituoni kifua wazi, na alipofika kaunta akashindwa kueleza alichokuja kusema.

Inspekta Apisai Koroivuki alifika kabla king'ora cha kiwanda cha samaki hakijalia. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kujaa. Wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walisimama barabarani na buti zao nyeupe, wakinyoosha shingo. Levuka, kisiwani Fiji, ni mji wa barabara moja. Habari haihitaji gari.

Daktari Lodhia alikuwa amepiga magoti kando ya maiti.

"Ameanguka?" Inspekta aliuliza.

"Ameanguka. Kama ameanguka mwenyewe, hilo usiniulize mimi."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili. Lakini tazama hapa, Apisai."

Daktari aliugeuza uso kwa upole. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye nywele fupi zilizoanza mvi. Kichwani alikuwa amefungwa kitambaa cha maua, skafu yake mwenyewe iliyochanwa kwa urefu. Kilizungushwa mara nne, kikabana vizuri, fundo likakaa mbali na jeraha na ncha zake zikachomekwa ndani.

"Kuna mtu alimfunga jeraha," Inspekta alisema.

"Tena kwa mkono uliosomea kazi. Na damu imelowesha tabaka zote nne. Mfu hatoki damu namna hii. Aliishi baada ya kuanguka. Nusu saa, pengine saa nzima."

"Kwa hiyo mtu alimhudumia, akamwacha, asimwite yeyote."

"Hospitali iko dakika saba kutoka hapa," alisema daktari. "Kwa miguu."

Mfukoni mwa marehemu kulikuwa na ufunguo wa chumba wenye kibao cha mbao, aina inayotumika katika nyumba ya wageni ya Bi Elenoa. Konstebo Roshni Deo alitumwa huko, akarudi mbio na pasipoti ya New Zealand. Aliifungua mbele ya Inspekta, akasoma, akarudia kusoma.

"Soma basi, binti. Au wameandika Kichina?"

"Afande, imeandikwa Vasiti Raikuna."

Inspekta aliichukua pasipoti akaisoma mwenyewe. Vasiti Raikuna. Mahali pa kuzaliwa, Suva. Tarehe tisa Mei.

Hakuna mtu Levuka asiyelijua jina hilo. Sista Vasiti Raikuna ndiye mkunga mkuu wa hospitali, kwa miaka ishirini na mitano sasa. Nusu ya wale waliosimama barabarani wakichungulia maiti, mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa mikono yake. Litia, binti wa Inspekta, alizaliwa usiku wa kimbunga, ametanguliza miguu, taa zimezimika na paa la wodi linalia. Sista alisimama saa sita bila kukaa. Mama na mtoto wakapona.

"Siku ya kuzaliwa ya Sista ni lini?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Tisa Mei," alijibu Daktari Lodhia bila kuinua macho. "Kila mwaka tunamkatia keki."

* * *

Walimkuta wodi ya wazazi, akimpima uzito mtoto aliyekuwa akilia kwa hasira.

"Baba Litia!" Sista alisema. "Umekuja kuongeza mwingine? Mbona mke wako hajaniambia?"

"Niache, Sista. Huyo mmoja tu amenimaliza." Inspekta alijaribu kutabasamu. "Nimekuja kikazi."

Sista alimrudisha mtoto kwa mama yake, akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja. Inspekta akamwonyesha picha iliyopigwa chini ya ngazi.

"Unamjua?"

Sista aliitazama mara moja tu, akairudisha.

"Simjui. Mungu amrehemu."

"Anaitwa Vasiti Raikuna."

"Raikuna tuko wengi."

"Waliozaliwa Suva, siku moja na wewe, mwaka mmoja?"

"Itakuwa makosa ya makarani. Unawajua makarani wa Suva."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nimeloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Uzee huu, baba Litia. Nani mwingine angekuwa nami? Naishi peke yangu, unajua."

Nje, Konstebo Roshni alikuwa akitafuna mdomo wake wa chini.

"Sema," Inspekta alimwambia.

"Afande, mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwa Sista. Mama alinipa jina la pili Vasiti. Lakini ile picha... Sista hata kidonda cha mende atakiangalia dakika tano. Hii hakuitazama."

Inspekta aliendelea kutembea. Alikuwa ameliona hilo, na alitamani asingeliona.

* * *

Bi Elenoa aliwakaribisha barazani kwa chai ya majani ya mlimau. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Alikaa kwangu siku mbili tu, lakini niseme nini? Alikuwa mtu mwema. Asubuhi anatandika kitanda mwenyewe, nikamwambia, dada, wewe ni mgeni. Akacheka. Akasema amefanya usafi hospitali moja Auckland kwa miaka ishirini na minane, mikono haijui kukaa."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kwani hujui? Ni ule mchezo wenu wa televisheni!"

Mwaka uliopita kampuni moja ya Sydney ilikuja kupiga picha za mchezo wa polisi mjini Levuka. Hadithi yenyewe ilimhusu mtu aliyeishi kwa jina la mwenzake aliyekufa, na inspekta aliyemfichua. Nusu ya mji iliigiza. Konstebo Roshni alionekana sekunde mbili, mgongo tu. Inspekta Apisai aliombwa kuwashauri kuhusu taratibu za polisi, na tangu siku hiyo binamu zake hawakuchoka kumuuliza, wakizungusha bakuli la yaqona, kile kinywaji cha mizizi, kwa nini yule inspekta wa televisheni hana kitambi. Sista Vasiti naye alipewa nafasi. Aliingia chumbani, akafunika maiti shuka, akasema, "Amekwisha kwenda." Basi. Na mwisho wa mchezo, kwa heshima, waliandika majina ya wenyeji wote walioshiriki.

"Akauona kule Auckland," Bi Elenoa aliendelea. "Alikuwa nao kwenye simu. Alinionyesha. Anausimamisha pale Sista anapoinua uso, halafu anaupeleka mwisho kwenye majina. 'Soma hapo,' ananiambia. Nikasoma, Vasiti Raikuna. Akasema, 'Hilo ni jina langu, na huyo si mimi.'"

"Alisema huyo ni nani?"

"Hapana. Alisema walilala kitanda kimoja utotoni." Bi Elenoa alijifuta pua. "Sikiliza, Inspekta. Alinieleza kwamba akiwa na miaka ishirini na mitano aliomba kusomea uuguzi kule kule. Wakaandika Fiji kuuliza vyeti vyake vya shule. Jibu likarudi kwamba Vasiti Raikuna amekwisha kusoma, ni muuguzi, yuko kazini. Wakamwambia, wewe ni mwongo, umeiba jina la mtu. Karibu wamfukuze nchini! Mwenye jina ndiye akaitwa mwizi wa jina. Akaogopa, akanyamaza, akashika fagio."

Roshni aliacha kuandika.

"Jana jioni alitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Alivaa skafu ya maua, akapaka na rangi ya mdomo. Nikamuuliza, unaenda wapi umependeza hivyo? Akanijibu, 'Naenda kuonana na mimi.' Nikacheka, Inspekta. Nilidhani ni utani."

* * *

Konstebo Roshni alipanda feri ya alfajiri iliyofuata, akashika basi hadi Suva, mji mkuu. Alikuwa na alama za vidole za marehemu, picha yake, na picha ya Sista iliyokatwa kwenye kalenda ya hospitali. Alirudi siku ya pili, amechoka, sare imekunjamana.

"Wote wawili walilelewa katika nyumba moja ya mayatima," alisema akiwa bado amesimama. "Nyumba imefungwa siku nyingi, ila masista wa kanisa wametunza vitabu. Kila mtoto ana kadi ya afya yenye picha na alama ya kidole gumba. Nilipeleka kadi ya Vasiti Raikuna maabara ya polisi."

"Ehe?"

"Kidole gumba ni cha marehemu. Mtaalamu amesema hana shaka hata kidogo."

Inspekta alishusha pumzi. "Na Sista?"

"Nilimkuta mtawa aliyewalea, Mama Imelda. Ana miaka tisini na moja lakini kichwa kizima, alinikaripia kwa kutokuvaa kofia. Nikamwekea picha ya kalenda mezani. Hakuuliza mara mbili. 'Huyu ni Unaisi wangu,' akasema. 'Unaisi Batikawai. Alikuwa akinisaidia ofisini, kupokea barua.'"

"Kupokea barua," Inspekta alirudia.

"Ndiyo, afande."

Inspekta alitazama dirishani. Upande wa pili wa barabara wanawake walikuwa wakishusha mafungu ya magimbi kutoka kwenye lori, wakitaniana na dereva. Kisha akachukua kofia yake.

* * *

Sista alikuwa akiwachanja watoto wachanga. Foleni ilikuwa ya akina mama kumi na mmoja. Alimwona Inspekta mlangoni, akaona na Roshni nyuma yake, akamdunga sindano mtoto aliyekuwa zamu yake.

"Niruhusu niwamalize hawa," alisema. "Wengine wametoka vijijini kwa miguu."

Inspekta aliketi kwenye benchi pamoja na akina mama. Alikaa pale dakika arobaini na tano. Sista aliwaliwaza watoto mmoja mmoja, akaandika kadi, akamwagiza mama wa mwisho arudi baada ya wiki nne. Kisha akavua aproni yake nyeupe, akaikunja, akaiweka juu ya kiti.

Kituoni alipewa maji. Hakunywa.

"Unatakiwa kujua kwamba hulazimiki kusema neno lolote," Inspekta alisema. "Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani."

"Najua. Nilisikia mkisema hivyo kwenye ule mchezo."

"Yule mwanamke ni nani?"

"Vasiti."

"Na wewe?"

Roshni alikuwa na kalamu mkononi, macho yake yameelekea kwenye karatasi.

"Mama Imelda yu hai?" Sista aliuliza.

"Yu hai. Amekutambua."

"Nilidhani amekufa. Miaka yote hii nilikuwa nikimwombea kama marehemu." Akaviweka viganja vyake mezani. "Basi niulize. Nitakujibu."

"Alikuja nyumbani kwako?"

"Alinisubiri nje ya hospitali. Nilimjua kwa mwendo. Nikamwambia twende mahali tusipoonekana, tukapanda ngazi hadi juu. Njia nzima hakunitukana. Alinishika mkono, baba Litia. Akawa ananiuliza kama nilipata watoto, kama goti langu bado linasumbua. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja tangu tuna miaka minne. Wakati wa baridi alikuwa akiniwekea miguu yake juu ya yangu."

"Alitaka nini?"

"Jina lake."

"Hakutaka kitu kingine?"

"Hata kimoja. Laiti angetaka! Ningempa nyumba, ningempa chochote. Alisema, 'Unaisi, sikuja kukufunga. Nataka kesho twende wote kwa polisi, useme mimi ndiye Vasiti. Mama yangu hakuniachia hata nguo. Aliniachia jina, nami sijalitumia.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimsihi. Nilimwambia, bado miaka mitano nistaafu, nivumilie. Nikamwambia, uliondoka mwenyewe, Vasiti. Ulikwenda New Zealand na yule mama kuwa yaya wake, ukaacha kila kitu. Mimi niliokota tu ulichokitupa. Ndipo akaniambia, 'Niliondoka kwa sababu chuo kilinikataa. Ningekuwa nimekubaliwa, ningekwenda wapi?'"

Sista aliviondoa viganja mezani.

"Endelea."

"Chuo hakikumkataa."

"Barua ilifika?"

"Ilifika siku nne kabla hajapanda ndege. Mimi ndiye niliyeipokea. Tulifanya mtihani pamoja, sote wawili tulitaka uuguzi. Yangu ilikuwa imefika wiki moja nyuma, wamenikataa. Nikaifungua yake chooni. Nikasoma, 'Tunafurahi kukufahamisha.' Nikaificha ndani ya godoro tulilokuwa tukilalia wote wawili. Usiku analia kwamba ameshindwa, mimi nambembeleza, na barua iko chini ya mbavu zake."

Roshni aliinua kichwa, akakiinamisha tena.

"Nilidhani nitampa kesho yake," alisema. "Kila siku nilisema kesho. Siku ya nne akaondoka. Nikaenda chuoni na barua yake na cheti chake cha kuzaliwa, ambacho kilikuwa ofisini kwenye faili. Hakuna aliyeuliza. Yatima wawili, nani atauliza?"

"Ulimwambia hayo juu ya ngazi?"

"Nilimwambia. Sijui kwa nini. Alikuwa amenishika mkono, nikachoka kudanganya. Akauachia. Akanitazama muda mrefu. Akasema, 'Nimedeki damu za watu miaka ishirini na minane, wauguzi wakipita wananiruka kama ndoo.' Akasema hatangoja kesho, anakwenda kituoni sasa hivi. Akageuka kushuka." Alifumba macho. "Nikamsukuma."

"Kwa makusudi?"

"Kwa mikono miwili."

Feni iliendelea kuzunguka, ikilia kila ilipofika upande wa ukuta.

"Halafu ukashuka."

"Nilikimbia. Alikuwa anapumua. Mikono yangu ikafanya kazi yenyewe. Nikachana skafu, nikamfunga, nikamlaza vizuri. Akafumbua macho. Nikamwambia, tulia, usitikisike, naenda kumwita daktari. Nikasimama kabisa, baba Litia. Nilipiga hatua kama tano."

"Kisha?"

"Nikawaza, akipona huyu, mimi sipo. Si kwamba nitafungwa. Sitakuwepo. Kila mtoto niliyemtoa, kila mama aliyenishukuru, walimshukuru Vasiti. Unaisi alikataliwa na chuo, hakufanya lolote duniani. Nikarudi nikaketi. Nikamshika mkono mpaka ukapoa. Mara moja alisema kitu, sikusikia. Mvua ilikuwa imeanza."

Inspekta alisimama akaenda dirishani. Alikaa huko akiwapa mgongo. Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Binti yangu yu hai kwa sababu yako," alisema. "Sitalisahau hilo. Nitalisema mahakamani kama wataniuliza. Lakini ulikuwa na saa nzima. Kwa mke wangu ulisimama saa sita."

"Najua," alijibu. "Nimekuwa nikihesabu."

Wakati wakiongea, habari ilikuwa imeshatembea. Nje ya kituo walikuwa wamesimama wanawake kama thelathini, wengine na watoto mgongoni. Hawakupiga kelele wala kuuliza kitu. Mmoja alikuwa ameleta chakula kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, hajui ampe nani.

Inspekta alirudi mezani akavuta hati ya mashtaka. Tarehe akajaza mwenyewe. Kosa akajaza mwenyewe, mauaji, na chini yake kujifanya mtu mwingine kwa hati za udanganyifu. Kwenye jina la marehemu akaandika Vasiti Raikuna, pole pole, herufi zimenyooka. Ilibaki sehemu moja.

"Jina la mshtakiwa," alisema.

Mwanamke aliitazama nafasi tupu kwenye hati.

"Unaisi," akasema. "Unaisi Batikawai."

Alilitamka kwa uzito, kama mtu anayemwita jirani aliyehama zamani bila uhakika kwamba ataitikia.

"Nitajie herufi moja moja," Inspekta alisema. "Sitaki kukosea."

Alianza. Alipofika katikati ya jina la baba yake alisita, akarudi nyuma, akahesabu kwa vidole juu ya meza. Konstebo Roshni akasogeza kiti chake karibu, akampa kalamu na kipande cha karatasi, naye Unaisi akaanza kuliandika.